Chuo Kikuu au Ufundi: Fedha Yetu Imsomeshe Nani?

(Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa mwaka na harambee ya wana-Kasekese)



Kamati ya Elimu tumepewa dakika chache kabla ya harambee kuanza. Kila mwaka mnatoa. Anayetoa laki anatoa, na anayetoa gunia la mpunga anatoa. Swali linalotufikia kila mwaka, vikaoni na kwa simu, ni moja: fedha hii imsomeshe nani? Wapo wanaosema tumpeleke chuo kikuu yule mmoja mwenye akili nyingi ili awe taa ya wote. Wapo wanaosema tumeshaona vijana wenye shahada wamekaa barazani miaka mitatu, heri tuwape vijana kumi ufundi wale kwa mikono yao. Leo tumeona tulizungumze jambo hili waziwazi, kwa hesabu, kabla bakuli halijapita.

Swali hili si jipya katika nchi yetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha mamia yao nyumbani. Siku hiyohiyo alitangaza kujikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea, iliyosema shule isimtenge mtoto na kazi ya wazazi wake. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, na aliyemaliza kidato cha sita akatakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Wazee wetu hapa wanakumbuka. Sababu ilikuwa hii hii tunayoizungumza: elimu ya juu ya mtu mmoja inalipiwa na jasho la wengi, na wengi wana haki ya kuuliza wanapata nini.

Sasa tufanye hesabu.

Kijana anamaliza kidato cha nne. Akienda njia ya chuo kikuu ana miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kisha shahada ya miaka mitatu, au minne kwa uhandisi, au mitano kwa udaktari. Serikali imeondoa ada ya shule hadi kidato cha sita, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini katika vyuo vikuu vya umma ada ya shahada nyingi huanzia karibu shilingi milioni moja kwa mwaka na kuendelea, bila kuhesabu chumba, chakula, vitabu, na nauli ya kutoka huku hadi Dodoma, Morogoro, Mbeya au Dar es Salaam.

Mtasema kuna Bodi ya Mikopo. Kweli ipo, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na watoto wengi wa wakulima wasingesoma bila bodi hiyo. Lakini mkopo ni mkopo. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kijana aliyekopeshwa jumla ya shilingi milioni kumi na nusu, akaajiriwa kwa mshahara wa 750,000. Atakatwa 112,500 kila mwezi, na itamchukua karibu miaka minane kumaliza. Mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, na deni likapungua uzito. Hata hivyo, mzazi anayetarajia mtoto aliyeajiriwa leo aanze kesho kusomesha wadogo zake inafaa aijue hesabu hiyo mapema, ili asimlaumu mtoto bure.

Njia ya ufundi nayo tuihesabu. Ada katika vyuo vya VETA vya Serikali ni ndogo sana: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa, na 120,000 kwa wa bweni. Wengi hapa hawaamini mpaka waone fomu. VETA ipo Mpanda, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Msaginya kipo hukuhuku Katavi. Kijana anasoma uashi, umeme, useremala, kuchomelea, ufundi magari au ushonaji, na baada ya miaka miwili au mitatu anaweza kuanza kazi wakati mwenzake ndiyo kwanza anaingia chuo kikuu. Tena kwa mfano wa hesabu tu: akipata faida ya shilingi 150,000 kwa mwezi katika miaka mitatu ambayo mwenzake bado yuko darasani, hiyo ni 5,400,000. Ni nyumba ya kuanzia maisha.

Kwa hesabu hiyo peke yake mtu angesema kesi imekwisha, ufundi umeshinda. Ndugu zetu, haijaisha. Kuna mambo matatu ambayo hesabu hiyo imeyaficha.

La kwanza ni vifaa. Ada ya ufundi ni ndogo, lakini fundi asiye na vifaa ni kibarua wa fundi mwingine. Fundi wa kuchomelea bila mashine na grinda atafanya nini? Fundi umeme anahitaji drili, koleo, testa na mita ya kupimia. Mshonaji anahitaji cherehani yake. Mwashi angalau anaweza kuanza na mwiko, timazi, pimamaji na kamba, ndiyo maana waashi ni wengi kuliko mafundi wengine wote. Vijana wengi wanaotoka chuo na cheti wanaishia kusaidia mafundi mjini kwa posho ya siku kwa sababu mzazi alilipa ada akadhani amemaliza. Kwa chuo kikuu gharama kubwa iko mwanzoni na katikati. Kwa ufundi gharama kubwa iko siku kijana anapomaliza, na siku hiyo hakuna bodi inayomngoja.

La pili ni msimu. Fundi wa kijijini anakula kwa mavuno ya wengine. Mpunga, pamba na tumbaku vikiuzika vizuri, watu wanajenga, wanaezeka, wanashona na kutengeneza pikipiki. Bei ikianguka au mvua ikikataa, fundi naye analala njaa na mkulima. Mwalimu wa shule ya msingi ana mshahara mwezi wa Februari kama wa Agosti, ana bima ya afya, na ana mafao akistaafu. Fundi asipojiwekea mwenyewe, akifika umri wa miaka 55 mgongo umechoka na hana kitu. Elimu ya juu yenye ajira bado ina faida kubwa, na tusiwadanganye watoto wetu kwa hilo.

La tatu ni kwamba zipo kazi ambazo hazijifunzwi chini ya mwembe. Mama anayetaka kujifungua kwa upasuaji usiku wa manane hahitaji maneno yetu kuhusu ufundi, anahitaji daktari. Mtoto wa kidato cha tatu asiye na mwalimu wa fizikia hatakuwa hata fundi umeme mzuri. Ng'ombe wanaokufa kwa ugonjwa wanahitaji mtaalamu wa mifugo. Wote hawa wamesoma miaka mingi kwa gharama ya mtu fulani.

Na hapa tumkumbuke mtu wa ziwani kwetu. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, akaletwa Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alitibu watu wa pwani hii ya Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Waliomsomesha walitumia fedha nyingi kwa kijana mmoja, na fedha hiyo ilirudi kwa watu wetu kwa zaidi ya miaka 60. Atiman alikuwa na elimu ya mbali na alifanya kazi ya mikono: alifunga vidonda, akachanganya dawa, akatembea kwa wagonjwa. Faida ya masomo yake ilionekana pale alipokaa na watu akawatibu.

Kwa hiyo sisi Kamati hatuulizi tena "chuo kikuu au ufundi?" kana kwamba ni timu mbili za mpira. Tunauliza maswali matatu kwa kila kijana anayeleta barua yake kwetu.

Swali la kwanza: kozi hiyo inampeleka kwenye kazi gani, na kazi hiyo iko wapi? Shahada si kitu kimoja. Shahada ya utabibu, uuguzi, ualimu wa hisabati na sayansi, uhandisi au kilimo ina mlango unaoonekana, hata kama foleni ni ndefu. Zipo nyingine ambazo kijana akiulizwa atafanya kazi gani anajibu "nitaomba popote kwenye Ajira Portal." Hilo si kosa la kijana peke yake, hakupata wa kumshauri alipojaza fomu. Lakini sisi tunaotoa fedha ya wajane na wakulima lazima tuulize. Ufundi nao una swali hilohilo. Kijiji chenye mafundi cherehani wengi hakihitaji wa nyongeza kabla ya kupata fundi wa pampu za maji, wa sola, au wa mashine za kukoboa.

Swali la pili: kuna ngazi ya kupandia baadaye? Watu wengi wanadhani aliyechagua VETA amefunga mlango wa masomo. Si kweli. Mwenye cheti cha ufundi cha daraja la tatu pamoja na cheti cha kidato cha nne anaweza kuendelea na astashahada na stashahada katika vyuo vya ufundi, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuingia shahada. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya chenyewe kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Katikati ya ngazi hiyo kuna vyuo vya afya, kilimo na mifugo vinavyotoa stashahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha hata wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa. Kwa mtoto wa kwetu mwenye alama za wastani, tunaamini njia hii ya kati ndiyo inayosahaulika zaidi na inayolipa mapema zaidi.

Swali la tatu: mtoto mwenyewe anataka nini na anaweza nini? Tumezoea kusema VETA ni ya waliofeli. Maneno hayo yametuharibia vijana wawili kwa mpigo: mwenye mikono mizuri anaona aibu kwenda ufundi, na asiye na moyo wa ufundi anasukumwa huko kama adhabu. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, ili anayejifunza ufundi ahesabiwe kuwa anasoma. Serikali imebadilisha maneno. Sisi nyumbani tubadilishe midomo.

Na tukisema "mtoto" hatusemi mvulana tu. Mara nyingi familia ikiwa na fedha ya mmoja, mvulana ndiye anayekwenda chuo kikuu, na msichana akipata nafasi ya ufundi anaambiwa ushonaji tu. Umeme hauchagui mkono. Na kwa mabinti waliokatiza masomo kwa ujauzito, mlango upo: waraka wa Novemba 2021 unawaruhusu kurudi shuleni, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinawapokea kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, wengine wakiwa na watoto wao. Baba anayesema "huyu ameshaharibika" anatupa ng'ombe hai kwa sababu amevunjika pembe.

Ndugu wana-Kasekese, mbona tunasema haya mwaka huu? Kwa sababu kazi inakuja kwetu, na swali ni nani ataifanya. Bandari ya Karema imejengwa, na macho ya wafanyabiashara yanaelekea Kongo ng'ambo ya ziwa. Nguzo za umeme zinaingia vijijini, na kila nyumba inayovuta umeme inahitaji mtu wa kutandaza nyaya. Vijiji vinane vya wilaya yetu ya Tanganyika vinavyotunza misitu ya Ntakata vinapata mapato ya hewa ya ukaa na kujenga madarasa na zahanati. Serikali yenyewe inajenga shule nyingi kwa fosi akaunti, yaani kwa kutumia mafundi wa kawaida bila mkandarasi mkubwa. Mafundi wetu wasipokuwa na cheti wala vifaa, watakuja wa kutoka Mpanda mjini na Sumbawanga, watajenga, watalipwa, wataondoka, na vijana wetu watabaki kuwabebea maji na mchanga. Na jengo la zahanati likikamilika bila mtoto wetu aliyesomea uuguzi, tutakuwa na kuta nzuri tupu.

Kwa hiyo Kamati inaleta pendekezo hili mbele yenu, mlipime na mlipigie kura.

Kwanza, mfuko wa elimu ugawanywe mafungu mawili yaliyo sawa: moja la elimu ya juu na vyuo vya kati, jingine la ufundi. Fungu moja lisikopeshe jingine.

Pili, fungu la elimu ya juu lisilipe kile ambacho Bodi ya Mikopo inaweza kulipa. Lizibe mapengo: nauli ya kwanza, gharama za kujisajili, godoro, na fedha ya kula wakati bumu halijaingia. Mtoto wetu anaweza kukosa mwaka mzima kwa kukosa laki mbili za kufikia chuoni.

Tatu, fungu la ufundi lilipe ada na, zaidi ya hapo, vifaa. Vifaa vitolewe kama mkopo usio na riba, kijana avirudishe kidogo kidogo baada ya mavuno, na fedha ikirudi imnunulie mwingine. Vijana wakiunda kikundi, tuwasaidie pia kuomba ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Nne, mafundi wetu waliojifunza kazi kwa kutazama, ambao wengi wanatengeneza vizuri kuliko wenye vyeti, tuwapeleke VETA wapimwe na kurasimishwa. Mtu aliyejenga nyumba nyingi hapaswi kukosa kazi ya darasa moja kwa sababu hana karatasi. Ujuzi hauzeeki, ila unaweza kudharauliwa ukikosa ushahidi.

Tano, na hili halihitaji shilingi nyingi, ninyi mlioko mijini mtusaidie maarifa. Kila mwaka watoto wanakwama kwenye maombi ya mkopo kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, au mdhamini hajapatikana kwa wakati. Mwenye kompyuta na bando, chukua watoto wawili uwajazie fomu pamoja nao. Mwenye karakana, chukua kijana mmoja wa kwetu kwa mafunzo kazini, umtazame kama mwanao, usimfanye mtumwa. Mwenye mashine ya zamani iliyolala stoo, tuletee.

Tunajua wapo watakaosema mafungu mawili yatafanya kila mmoja apate kidogo. Tunawaelewa. Lakini tukimpa mmoja yote, na huyo mmoja akakosa ajira, tumepoteza fedha na tumewavunja moyo wachangiaji wa mwaka kesho. Na tukiwapa mafundi tu, baada ya miaka 20 tutakuwa na nyumba nzuri zisizo na daktari, mwalimu wala mhandisi wa kwetu. Mkulima hapandi shamba lote zao moja, na sisi ni watoto wa wakulima.

Kwa wale tuliowasomesha au watakaosomeshwa, wa shahada na wa spana, tuna ombi moja: mkifanikiwa, mkumbuke kwamba karatasi ile au mashine ile ilinunuliwa kwa gunia la mtu asiyewajua kwa sura. Mkipata kazi mbali, nendeni kwa amani, Tanzania yote ni kwetu. Ila mchangie, na mkija likizo mkae na wadogo zenu mwawaeleze kazi yenu ilivyo, uzuri wake na ugumu wake, ili nao wachague kwa kujua.

Ndugu Mwenyekiti, bakuli linapita sasa. Mwenye fedha taslimu aweke, mwenye ahadi aandike jina na tarehe, mwenye gunia aseme lilipo tulifuate. Na kwenye karatasi ya mchango kuna mistari miwili, "elimu ya juu na vyuo" na "ufundi na vifaa". Tunawaomba mjaze yote miwili, hata kama mmoja ni elfu tano.

Mungu aibariki Kasekese, aibariki Katavi na Tanzania yetu.

Kamati ya Elimu